Barua ya wazi kwa Kongresi ya Marekani: isogezeni ile tarehe ya 1972

Waheshimiwa Maseneta na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,

Tunawasalimu kwa heshima.

Katika Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya nchi yenu kuna kifungu cha 249. Ni kifupi, mtu anamaliza kukisoma chai yake ikiwa bado ya moto. Kinasema kwamba mgeni aliyeingia Marekani kabla ya 1 Januari 1972, akaishi humo mfululizo tangu hapo, akawa na mwenendo mwema, na asiwe na madoa kama uhalifu, dawa za kulevya au kuvusha watu kwa magendo, anaweza kupewa ukaazi wa kudumu hata kama hakuna kumbukumbu yoyote ya kuingia kwake. Hahitaji mwajiri wa kumwombea wala ndoa na raia, na hahesabiwi kwenye mgawo wa viza wa mwaka. Watu wa fani hii wanauita mlango huo rejista.

Tunaomba jambo moja. Tarehe hiyo isogezwe.

Sisi ni wafasiri na wajaza fomu tunaowahudumia wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani. Barua tumeiandika kwa Kiswahili makusudi, ili wale inaowahusu waisome kabla yenu na watusahihishe tulipokosea. Ninyi wafasiri hamwakosi.

Tarehe ya kifungu cha 249 si msahafu. Kongresi yenyewe iliiweka mwaka 1929, ikataka mtu awe ameingia kabla ya 3 Juni 1921. Mwaka 1939 ikaisogeza hadi 1 Julai 1924. Mwaka 1958 ikaisogeza hadi 28 Juni 1940, mwaka 1965 hadi 30 Juni 1948, na mwaka 1986 hadi hii tuliyonayo. Pigeni hesabu. Wa 1929 walitakiwa wawe wamekaa karibu miaka 8; wa 1958, miaka 18; wa 1986, miaka 14 na ushei. Leo anayebisha hodi hapo atakiwa awe ameishi Marekani zaidi ya nusu karne. Mtoto aliyevushwa mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake mwishoni mwa 1971 sasa anaweza kuwa na wajukuu. Katika miaka ile ya mwanzo wengi waliopita kwenye mlango huo walikuwa watu wa Ulaya na wa Kanada, walioingia bila kukaguliwa au ambao kumbukumbu zao hazikuonekana. Vizazi vyao leo ni raia kama raia wengine, wanapiga kura na kugombea vyeo.

Hoja yenu tunaijua: suala ni kubwa, lishughulikiwe kwa mkupuo mmoja. Mikupuo hiyo tumeihesabu. Mei 2006 Seneti ilipitisha muswada kwa kura 62 dhidi ya 36. Baraza lilikuwa limeshapitisha wake wa kukaza mipaka tu, na miswada hiyo miwili haikuwahi kukutanishwa. Juni 2007 muswada mwingine ulihitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, ukapata 46. Desemba 2010 muswada wa vijana walioletwa wakiwa watoto ulipita Barazani, ukaishia Seneti kwa kura 55, pungufu ya zile 60. Tarehe 27 Juni 2013 Seneti ilipitisha muswada mkubwa kuliko yote, kura 68 dhidi ya 32. Ulikuwa na safari ya miaka 13 kutoka kutokuwa na makaratasi hadi uraia, kuhakiki wafanyakazi kwa kompyuta, na mabilioni ya dola kwa mpaka. Spika John Boehner hakuuleta ukumbini, na ulikufa bila kupigiwa hata kura moja Barazani. Mwaka 2018 wajumbe walikusanya sahihi ili kulazimisha mjadala. Zilihitajika 218, zikapatikana 216. Muswada wa wafanyakazi wa mashambani ulipita Barazani mara mbili, Desemba 2019 na Machi 2021, na mara zote mbili Seneti haikuupigia kura. Hata ule mwafaka wa mpaka wa Februari 2024, ambao haukuwa na njia yoyote ya kuwahalalisha mamilioni ya wasio na makaratasi, ulianguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 50.

Rejista nayo ilijaribiwa kupitia mlango wa bajeti, ambako Seneti inahitaji wingi wa kawaida tu. Mwaka 2021 lilipendekezwa tarehe isogezwe hadi 2010. Tarehe 29 Septemba mwaka huo mshauri wa kanuni wa Seneti akasema hiyo ni sera, si bajeti, na jambo likaishia hapo. Julai 2025 mlango huohuo, kwa kura 51 dhidi ya 50, ulipitisha sheria yenye dola bilioni 45 za kujenga na kuendesha vituo vya kuwazuilia wahamiaji. Kanuni tunaielewa: kutenga fedha ni bajeti, kubadili hadhi ya mtu si bajeti. Ila matokeo yake ni kwamba nchi imepata fedha za kuwafungia watu hawa kabla haijapata utaratibu wa kuwasikiliza.

Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kuwa mwaka 2023 waliokuwa nchini bila ruhusa kamili walikuwa milioni 14, pamoja na wale wenye ulinzi wa muda. Wengi wenu huwaambia wapange foleni kama wengine. Tuwaonyeshe foleni yenyewe.

Sheria ya 1990 inatoa takriban grini kadi, yaani kadi za ukaazi wa kudumu, 140,000 kwa mwaka kwa njia ya ajira, kwa dunia nzima, na humo wamo wake, waume na watoto wa wafanyakazi. Kundi la kazi zisizohitaji angalau miaka miwili ya mafunzo, yaani kufua, kupika, kuchinja kuku, kubeba boksi, lina kikomo cha 10,000. Chukulieni mwajiri wa kiwanda cha nyama aliyeamua kumwombea mfanyakazi wake. Kwanza Wizara ya Kazi ithibitishe kwamba hakuna Mmarekani anayeitaka nafasi hiyo. Kisha ombi liende idara ya uhamiaji. Kisha zamu ingojewe miaka. Zamu ikifika, mfanyakazi ambaye muda wake wa kukaa ulikwisha zamani haruhusiwi kumalizia maombi ndani ya nchi. Aende ubalozini kwao. Akitoka tu, anakutana na sheria ya 1996: aliyepitiliza zaidi ya siku 180 lakini hajafika mwaka anafungiwa nje miaka 3, na aliyefikisha mwaka au zaidi anafungiwa miaka 10. Zamani kulikuwa na kifungu cha 245(i), kilichomruhusu kulipa faini ya dola 1,000 akamalizia hapahapa. Kimefungwa kwa maombi yote yaliyowasilishwa baada ya 30 Aprili 2001. Hiyo ndiyo foleni. Imepangwa, lakini mbele yake hakuna dirisha.

Mfano wa maziwa tunaomba muutazame kwa karibu, kwa sababu unaonyesha jinsi sheria ilivyoachana na kazi yenyewe. Kwenye zizi kubwa la Wisconsin, Vermont au Idaho ng'ombe hukamwa mara mbili au tatu kwa siku, na zamu ya usiku huanza watu wengine wakiwa usingizini. Mkamaji husimama ndani ya shimo, viwele vikiwa usawa wa kifua chake. Anachovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini. Anakamua kwa mkono mara tatu nne ili aone kama maziwa yana mabonge, maana mabonge ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Anafuta kwa kitambaa safi, kitambaa kimoja ng'ombe mmoja. Anangoja maziwa yashuke, kama dakika moja tangu alipomgusa ng'ombe, ndipo anavisha vikombe vinne vya mashine. Vikitoka, anachovya tena. Akiharakishwa, mashine inavuta kiwele kitupu na chuchu zinaumia. Akitumia kitambaa kimoja kwa ng'ombe kumi, ugonjwa unahama nao. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki maziwa yake yamwagwe, na yakiponyoka yakaingia kwenye tangi, lori zima linaweza kukataliwa kiwandani. Anayeikejeli kazi hii kuwa haina ujuzi hajawahi kuifanya.

Sasa mkulima huyo akitaka kuleta mkamaji kihalali anaambiwa atumie viza ya H-2A. Viza hiyo haina kikomo cha idadi, ila sheria inasema ni kwa kazi ya muda au ya msimu. Kuchuma matofaa ni msimu. Kukama si msimu. Ng'ombe hana likizo, anakamwa Krismasi na anakamwa siku ya theluji. Kwa hiyo aliyeajiri wa matofaa ana mlango, aliyeajiri wa maziwa hana, na maziwa yanaendelea kufika madukani kila asubuhi kwa mikono ya watu ambao sheria inasema hawapo. Kwa watu wetu hali ni hiyohiyo katika kulea wazee majumbani: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa kwa saa. Mzee hana msimu.

Wapo wanaosema mkwamo huu unamlinda mfanyakazi raia. Sisi tunaona kinyume, na sababu moja iko kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2002, kesi ya Hoffman Plastic Compounds. Mahakama ilisema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mfanyakazi asiye na makaratasi aliyefukuzwa kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi hawezi kulipwa mshahara wa muda aliokaa nje ya kazi. Kumfukuza bado ni kosa, lakini mwajiri halipi mshahara huo. Mwajiri mbaya akiwa na wafanyakazi wawili, raia na asiye na makaratasi, anajua ni yupi wa kumtisha asidai saa za ziada. Raia aliyesimama pembeni yake naye anapunjwa, kwa kuwa mshahara hushuka kufuata wa aliye dhaifu.

Na kodi wanalipa. Taasisi ya ITEP, inayotafiti mambo ya kodi, ilikadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji wasio na makaratasi walilipa dola bilioni 96.7 za kodi mbalimbali. Kati ya hizo, bilioni 25.7 zilikwenda kwenye mfuko wa pensheni wa Soshol Sekuriti, mfuko ambao kwa hali yao ya sasa hawatachukua kitu humo.

Kwa wengi waliotoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, walioingia kwa viza, wakakaguliwa uwanja wa ndege, kisha muda ukawaishia, mlango uliobaki kwa kawaida ni kuoa au kuolewa na raia, au kungoja mtoto aliyezaliwa huku atimize miaka 21. Aliyevuka mto bila kukaguliwa hata hilo halimsaidii. Akioa raia bado atatakiwa atoke akahojiwe ubalozini, na ile adhabu ya miaka 10 inamngoja mpaka apate msamaha maalumu. Ndipo zinapozaliwa ndoa za makaratasi. Mtu analipa maelfu ya dola kwa mgeni, anaishi akitishiwa kila mwezi aongeze, na akigundulika anafungiwa mlango maisha, mbali na kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Hatuzitetei ndoa hizo. Tunasema sheria isiyo na mlango mwingine ndiyo inayowapa matapeli wateja.

Halafu kuna misiba. Mzazi akifariki nyumbani, mtoto asiye na makaratasi ana uchaguzi wa aina mbili: aende akamzike na asirudi kwa watoto wake kwa miaka 10, au abaki na kufuatilia mazishi kwenye simu. Mnajua mila zetu zinavyoona mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la mama yake. Kama hamjui, waulizeni wapiga kura wenu waliotoka kwetu.

Muswada wa kulitatua hili upo. Mwaka 2022 Zoe Lofgren aliupeleka Barazani, na Alex Padilla akapeleka wa aina hiyo Seneti. Badala ya kuweka tarehe nyingine itakayochakaa, unasema mtu awe ameishi nchini angalau miaka 7 kabla ya siku anayoomba. Tunaupenda kwa sababu tarehe inatembea yenyewe, na wajukuu zenu hawatalazimika kuketi tena kwenye mkwamo huu. Lakini tunaomba mambo kadhaa yakae ndani yake, kwa kuwa makosa ya 1986 yameandikwa na hayana haja ya kurudiwa.

Sheria ya 1986, aliyoitia saini Ronald Reagan, iliwahalalisha watu takriban milioni 2.7. Dirisha lake kuu la maombi lilifunguliwa 5 Mei 1987 na kufungwa 4 Mei 1988, mwaka mmoja tu. Walioingia baada ya 1 Januari 1982 waliachwa nje, na hao ndio waliokuwa mwanzo wa idadi mnayoihesabu leo. Wake na watoto waliochelewa kuingia hawakufikiriwa, ikabidi baadaye itafutwe namna ya kuwakinga wasifukuzwe. Kosa lililochukua muda mrefu kuliko yote lilihusu safari fupi. Waliowahi kutoka nchini kidogo, kwa msiba au ugonjwa, waliambiwa dirishani kwamba hawastahili na fomu zao hazikupokelewa kabisa. Kesi zao zilivutana mahakamani mpaka makubaliano ya 2004. Kwa hiyo andikeni wazi kwenye sheria: safari fupi haikati ukaazi, na karani hana mamlaka ya kukataa kupokea fomu.

La pili ni ushahidi. Mtu aliyeishi miaka 7 bila makaratasi hana mkataba wa nyumba wenye jina lake. Alikodi chumba kwa mtu na kulipa taslimu. Alichonacho ni boksi la viatu. Humo mna risiti za kutuma pesa nyumbani, zenye jina, tarehe na mara nyingi anwani. Kadi za chanjo za watoto. Ripoti za shule. Bahasha zenye mhuri wa posta. Marejesho ya kodi aliyojaza kwa namba ya ITIN, namba ya mlipa kodi asiye na namba ya soshol. Sheria itaje kwamba vitu hivi vinakubalika, pamoja na viapo vya watu wanaomfahamu. (Wasomaji wetu, wino wa risiti za mashine hufifia ukabaki weupe. Zipigeni picha leo, mbele na nyuma, na picha ziwekeni mahali zaidi ya pamoja.) Wengine walifanya kazi kwa jina na namba ya soshol ya mtu mwingine, hivyo hati za mshahara hazina jina lao, wapewe nafasi ya kuthibitisha kuwa mfanyakazi yule ni wao, kwa barua ya msimamizi au picha ya kitambulisho cha kazini.

La tatu ni siri. Sheria ya 1986 ilikataza taarifa za mwombaji zitumike kumfukuza. Aprili 2025 Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani zilitiliana saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipa kodi. Tangu hapo swali linalotufikia kila msimu wa kodi ni kama kujaza fomu ni kujikabidhi. Mkitaka watu walete marejesho ya kodi kama ushahidi wa ukaazi, wapeni ulinzi ule wa 1986, na anayengoja jibu asifukuzwe.

La nne ni kisanduku kimoja. Fomu I-9 ya kuanza kazi inamuuliza mtu kama ni raia, na wengi waliosukumiwa fomu wasiyoielewa wakatia alama hapo. Katika njia nyingine za kupata grini kadi, alama hiyo inaweza kuwa kizuizi cha maisha kisicho na msamaha kwa aliyeitia tangu 30 Septemba 1996. Kifungu cha 249 hakiitaji miongoni mwa vizuizi vyake. Kiacheni hivyo kilivyo.

Mwisho ada. Mwaka 1987 mtu mzima alilipa dola 185, na familia nzima haikuzidi 420. Fomu I-485 ya kuomba grini kadi peke yake sasa ni dola 1,440 kwa mtu mzima, kabla ya daktari na mwanasheria. Familia ya watu wazima wanne inafika dola 5,760 kabla haijamwona mtu. Wekeni kikomo cha familia.

Kwa wasomaji wetu: hadi tunapoandika sheria haijabadilika, tarehe bado ni ya 1972. Anayekutoza leo kukuandikisha kwenye rejista mpya anakuibia.

Na kwenu, Waheshimiwa Wajumbe: muswada ukilala kwenye kamati siku 30 za vikao, wajumbe 218 wanaweza kuutoa kwa sahihi zao. Mwaka 2018 zilipungua sahihi mbili. Tunaomba fomu ya sahihi ifunguliwe, na kila mmoja wenu aseme hadharani kama ataitia saini au hapana. Kwenu Maseneta, tunaomba muswada huu uletwe peke yake, bila kufungashwa na ukuta wala pamoja na mambo mengine thelathini, upigiwe kura ya majina. Pale panaposema "kabla ya 1 Januari 1972", pasomeke "angalau miaka 7 kabla ya siku ya kuomba".

Ni sisi,
wafasiri na wajaza fomu wa jamii za wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani